Ekseli ya Mwalimu Kirimi

Alikuja Jumanne, mvua ikiwa bado haijaamua,
na mchoro wa nyumba ya magurudumu
alioupiga kwa rula nyuma ya karatasi ya mtihani:
kitanda hapa, jiko hapa, dirisha la Karambu hapa.
Miaka thelathini na minne ya chaki, akasema,
sasa tunataka kuamkia kila mahali.
Kisha akapiga magoti kwenye vumbi la Kariobangi,
akachungulia chini ya trela ambalo bado halikuwa na miguu,
akauliza: Fundi Mbithe, springi au mpira?

Nikamwonyesha springi kwanza, maana ndizo zilizonisomesha.
Mabamba matano, refu juu, fupi chini,
yamefungwa kiunoni kwa yuboliti
kama mzigo wa kuni.
Yanasuguana. Yanalia. Yanadai grisi
kama mtoto anavyodai titi.
Lakini bamba likikatika Laisamis saa nane za mchana,
yuko mtu pale mwenye nyundo na moto,
na kama hayuko, kuna gogo, kuna kamba,
kuna Mungu, na utafika polepole.

Kisha ile nyingine:
chuma cha pembe nne ndani ya chuma cha pembe nne,
na kati yao kamba nne za mpira zimebanwa
hata hazina pa kwenda ila kuvumilia.
Gurudumu likiingia shimoni, mkono unajipinda,
mpira unameza,
na glasi ya maji mezani haina habari.
Hakuna shekeli, hakuna bushi, hakuna kelele.
Kila gurudumu na shida yake.
Barasa, kijana wangu, akaigonga kwa spana ya kumi na tisa,
akasema hii ni ya wazungu.
Ya wenye lami, nikamsahihisha.

Mwalimu akaandika yote, safu mbili zilizonyooka.
Bei: akakuna kidevu.
Uzito: akakokotoa, akaongeza na vitabu.
Vitabu hapana, sauti ikasema.

Karambu alikuwa ameketi juu ya betri kuukuu,
mkoba magotini, mkanda wa hospitali mgongoni.
Sikuwa nimemtazama vizuri.
Akaniuliza: na mpira ukichoka?

Nikamwambia ukweli. Haulii.
Joto, miaka, mzigo wa kupita kiasi,
unakauka ndani kwa ndani, hakuna anayeuona,
mpaka asubuhi moja trela limeinama
na tairi limeliwa upande wa ndani.
Na hautengenezwi?
Hautengenezwi. Unatupa ekseli nzima.

Akacheka, si sana, kwa sababu ya mgongo.
Mwalimu akaacha kuandika.
Jirani alikuwa akinyoosha mabati ya jiko,
ko, ko, ko,
na kwa muda yeye peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema.

Weka springi, akasema Karambu.
Nataka kitu kikiumia nikisikie.
Lakini mgongo wako, akasema Mwalimu.
Mgongo wangu nao hulia.
Wewe ndiye uliyetia nta masikioni.

Alhamisi nikashuka Grogan, nikachagua mabamba kwa sikio,
nikigonga moja moja, lililo bubu nikilirudisha.
Nikafunga manne badala ya matano;
nyumba si lori la mawe.
Na chini ya kitanda, kila pembe,
nikakaza kipande cha mpira
nilichokikata kwenye mkanda wa mashine iliyokufa,
unene wa vidole vitatu.
Hicho sikukiandika kwenye risiti.

Waliondoka alfajiri ya Jumapili, pikapu ikivuta.
Tuta la kwanza la Outer Ring:
springi zikaguna, wazi, kama mtu anayegeuka usingizini.
Nikauona mkono wa Karambu dirishani.
Nikainua wangu nimpungie,
kumbe wake umekingwa nyuma ya sikio.